Pawabenki za kununua Nyanda za Juu Kusini: ipi uchukue, ipi uiache

Umeme ukikatika Makete au Ileje, namba kubwa ya mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) ya kwenye boksi haikusaidii. Unachohitaji ni pawabenki inayowahi kujaa katika yale masaa machache umeme unaporudi. Kwa kipimo hicho tumezipanga hivi.

1. mAh 10,000, inayopokea wati 18 au zaidi

Hii ndiyo ya kununua kwanza. Chaja ya wati 18 huijaza kwa masaa matatu hivi, ya wati 10 kama masaa matano. Ukiichomeka kwenye chaja ya kitochi, kesho asubuhi utaikuta bado.

Usishangae haitoi 10,000 kamili. Seli zake, yaani betri za ndani, ni za volti 3.7, simu inataka volti 5, kwa hiyo 10,000 inageuka 7,400, na nyingine inapotea kama joto. Simu inafikiwa na 6,000 hivi: betri ya 5,000 inajaa mara moja na robo. Watengenezaji waaminifu huiandika namba hiyo ndogo mgongoni, kwa herufi za kukodolea macho: Rated Capacity. Ukiikosa, rudisha kwa muuzaji.

2. mAh 20,000

Inamfaa wakala wa pesa mwenye simu tatu, au anayelala shamba siku mbili. Ina gramu 400 hivi, na kwa wati 10 inataka masaa tisa mpaka kumi. Umeme ukikaa masaa manne, utabaki na karibu nusu.

3. "50,000" ya kiganjani

Usinunue. Seli ya duara ya saizi ya 18650, inayowekwa kwenye pawabenki nyingi, ina gramu 45 hivi na haizidi mAh 3,500 au karibu na hapo. Kufikisha 50,000 zinatakiwa seli 15, yaani gramu 675 kabla ya kava. Mwombe muuza karanga wa Mwanjelwa mizani, uipime: ikisoma gramu 250, umeshapata jibu. Uzito peke yake nao hautoshi, maana feki nyingine hutiwa mchanga. Nenda dukani na simu iliyoshuka hadi asilimia 30 na waya wako mzuri, chomeka dakika 10. Kwa betri ya 5,000, isipopanda hata asilimia 5, ondoka.

4. Yenye sola mgongoni

Kipaneli kile kinatoa wati moja hivi kwenye jua kali. Kujaza 10,000 kunataka zaidi ya masaa 37 ya jua, na ukungu wa Mufindi unajulikana. Tena jua lenyewe linaichemsha betri na kuiua mapema. Nunua paneli ya pembeni ya wati 10 au zaidi: paneli juani, pawabenki kivulini.

Wenye kitochi: kikikaribia kujaa kinavuta umeme kidogo sana, pawabenki inadhani hakuna kitu na kujizima. Tafuta yenye hali ya umeme mdogo. Nyingi huiwasha kwa kubonyeza kitufe mara mbili.

Na baridi ya Juni na Julai, hasa Kitulo kunapoganda: usichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi 0, inaharibika kwa ndani na hairudi. Tembea nayo ndani ya koti. Ukiingia nayo ndani ikiwa ya baridi, iache nusu saa umande ukauke kwenye tundu, ndipo uchomeke.