Walihamisha kliniki ya sukari, Mama hakuambiwa

Kituo hiki cha afya cha kata yetu, hapa Tanga, nakijua tangu ujana wangu. Wanangu wote wawili wamechanjwa pale. Mama yangu anahudhuria kliniki ya sukari na presha palepale tangu alipogundulika. Ungeniuliza mwanzoni mwa mwaka ningekwambia nenda, pazuri, hata usihangaike na hospitali za mbali. Leo naandika na hasira haijanitoka.

Kliniki ya Mama ilikuwa Jumanne, miaka yote Jumanne. Usiku wa kuamkia siku hiyo hali kitu baada ya isha, maana sukari hupimwa tumbo likiwa tupu, mtu awe amekaa saa 8 au zaidi bila chakula. Alfajiri akishaswali anavaa buibui lake la kutokea, anatia daftari la kliniki kwenye mkoba wa ukili, anapanda daladala ya kwanza ili apate namba za mwanzo. Ana miaka 74 na hajawahi kukosa.

Jumanne ninayoisema ilikuwa baada ya masika. Goti lilikuwa linamsumbua, kwa hiyo nikaacha cherehani yangu nikamsindikiza. Tulipofika nikaona mabenchi yamejaa akina mama na watoto wachanga. Wazee walikuwa watatu tu: Mama, bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake, na mzee wa kanzu aliyeshika daftari kama la Mama. Tukakaa. Ikafika saa mbili, ikafika saa tatu. Wahudumu walikuwa wanatupita na hakuna aliyetuuliza tunasubiri nini.

Nikaenda dirishani. "Samahani dada, kliniki ya sukari inaanza saa ngapi?"

"Imehamia Alhamisi."

"Tangu lini?"

"Tulitangaza kwenye grupu."

Nikamwambia mama yangu ana kitochi, hayumo kwenye grupu lolote la WhatsApp. Hakuinua hata macho kwenye lile faili alilokuwa anaandika. Akasema, "Mbona wenzenu wote wamejua?"

Wenzenu wote. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na alisikia. Nikamwona anageuka kutazama benchi, kwa yule bibi na yule mzee wa kanzu, halafu akaniangalia mimi kama mtu aliyefanya kosa asilolijua. Mwanamke aliyelea watoto sita, ambaye watu wa mtaa mzima wakimpita lazima wasimame wamwamkie, akaniambia kwa sauti ya chini, "Tusiwasumbue, mwanangu, twende." Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata kukosa kliniki. Na pale juu ya dirisha kuna kibao kikubwa kinachosema mzee apishwe, apewe huduma kwanza.

Labda yule dada alikuwa amechoka. Yuko peke yake pale, anaandikisha, anatafuta mafaili, anajibu watu hamsini. Nililifikiria hilo palepale na nikakaribia kumsamehe. Lakini sikilizeni kilichofuata, maana baada ya hapo msamaha ulinitoka.

Hatukufika getini. Mama alianza kutokwa jasho, jasho jingi, na asubuhi ile kulikuwa na upepo. Miguu ikawa inatetemeka. Nikamkalisha chini ya mwarobaini, nikimsemesha ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nilipiga kelele.

Aliyetoka mbio ni nesi wa chumba cha chanjo. Hakuuliza sisi ni wa kliniki gani wala kama leo ni siku yetu. Aliuliza mambo mawili tu: "Amekula? Amemeza dawa?" Hajala. Dawa amemeza, glibenklamidi yake ya kila asubuhi, kwa sababu aliambiwa dawa asiikose hata siku moja, na yeye ni mtu wa kushika maneno. Nesi akamchoma kidole palepale: 3.1. Ikishuka chini ya 4 kwa mgonjwa wa sukari ni hatari, na Mama alikuwa ameshaanza kuchanganyikiwa. Akakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, akamnywesha kidogo kidogo, akakaa naye. Baada ya dakika 15 akampima tena, imepanda. Akanituma nikanunue chai na chapati kwa mama ntilie nje ya geti.

Mama alipopata nguvu, yule nesi akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo mama yangu." Akamweleza kwamba dawa ile kazi yake ni kulisukuma kongosho limwage insulini, iwe umekula au hujala. Ukiimeza halafu ukakaa na njaa, sukari inashuka mpaka ubongo unakosa chakula. Siku ya kupima sukari, dawa isubiri: upimwe kwanza, ule, ndipo umeze. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona pale miaka yote. Akamuuliza, "Sasa nieleze wewe, mama. Alhamisi utafanyaje?" Mama akaeleza. Akakosea kidogo, nesi akamrekebisha, akaeleza tena. Mara ya pili akapatia, wakashikana mikono wote wawili wanacheka.

Saa ile ningekipa kituo hiki alama zote. Nilisema moyoni, hapa kuna watu.

Kisha tukapanda daladala, na njiani yakanijia mengine. Miaka yote hii Mama anafunga usiku na kumeza dawa alfajiri. Miaka yote Mungu tu ndiye aliyemlinda, kwa kuwa alikuwa anawahi namba za mwanzo, anapimwa mapema, anakula. Hakuna aliyewahi kumkalisha dakika tano akamwambia alichoambiwa leo chini ya mwarobaini. Dawa anapewa, tarehe anaandikiwa, anayefuata. Ndipo nikaelewa kwamba yule dada wa dirishani ni tawi tu. Pale kuna mazoea ya kumhudumia mgonjwa bila kuzungumza naye.

Na msiniambie kuwafikia watu ni kazi ngumu. Mwaka 2022, kwenye kampeni ya matone ya polio, walipita nyumba kwa nyumba hadi uani kwetu, na gari la matangazo likazunguka mitaa. Kuna msikiti, kuna kanisa, kuna mwenyekiti wa mtaa, kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hata simu ya kawaida kwa kitochi cha Mama ingetosha, namba iko kwenye jalada la daftari kwa mwandiko wangu mwenyewe. Grupu si baya, mimi mwenyewe naliona linasaidia kina mama wa kliniki ya watoto. Lakini wagonjwa wa sukari na presha wengi ni wazee. Mtu aliyeamua tangazo lao lipite huko alikuwa anamfikiria nani?

Wiki ile nilirudi kulalamika. Sanduku la maoni lipo, kufuli limeshika kutu, na kwenye tundu kuna karatasi iliyokunjwa imechungulia nje, imepauka kwa jua. Nikaiacha, nikamwendea mganga mfawidhi. Alinipokea vizuri, sitasema uongo. Akakiri tangazo lilibandikwa ukutani baada ya siku kuwa imeshabadilishwa. Akaniambia kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na ndiyo inayopitisha mipango na matumizi, hasa tangu mwaka wa fedha 2017/18 ambapo fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Akanionyesha majina. Mmoja wa wawakilishi wetu ni mtu ninayenunua kwake mkaa! Hajawahi kunitajia hata siku moja. Nilipomuuliza jioni alisema wao huitwa, wanasomewa, wanasaini. "Hilo la kuhamisha siku mliulizwa?" Akatikisa kichwa.

Sasa nisemeje? Msiende? Siwezi kusema hivyo, maana Mama yuko hai kwa ajili ya mtu wa palepale. Nendeni, lakini mwenye mzee asimwache aende peke yake, na muulize wenyewe, kila dawa, imezwe lini, na siku ya kupima inakuwaje. Wao hawatawaambia. Nesi yule atawaambia, mkibahatika kumkuta.

Alhamisi tulikwenda. Mama alibeba dawa yake kwenye kitambaa na chapati mbili kwenye mkoba, akapimwa, akala, akameza, mbele ya wenzake, akiwaeleza bibi na mzee wa kanzu kwa nini anafanya hivyo. Mimi nilipita dirishani na karatasi. Nimeandika wazee wanane wa mtaa wetu wenye vitochi, jina, namba ya simu, na jina la mtoto au jirani wa kupigiwa. Dada akaichukua, akaiweka chini ya faili. Kliniki ijayo nitamuuliza iko wapi.