Bonanza la Jumapili kwenye baa inayopika bia yake: nimeenda mara tano, nawapa nyota nne

Kwanza niseme wazi mi sio mtu wa bia kivile. Mi ni mtu wa muziki, bia nashika tu ili mkono usikae bure. Kwa hiyo niliposikia huku Mikocheni, Dar, kuna baa wanapika bia yao wenyewe nikajua ni yale mambo ya vijana wa ofisini, glasi ndogo bei kubwa, nikapotezea. Aliyenitoa ndani ni shoga yangu wa kazini, akaniambia twende Jumapili kuna laivu, na sio ile laivu ya mtu mmoja na kinanda na flashi, ni bendi kamili, ina mpaka tarumbeta. Haya, nikaenda. Tangu siku hiyo nimerudi mara nne, na moja ya hizo nilimpeleka baba mdogo, ambayo ndo hasa imenifanya nikae niandike.

Bia tuimalize haraka. Mabomba yako sita pale kaunta na majina yameandikwa kwa chaki ukutani, juu kabisa neno DRAFTI kwa herufi kubwa, yaani bia ya bomba, baba mdogo alivyoliona akauliza kete ziko wapi. Nusu lita ni elfu tisa. Elfu tisa jamani! Kwa hela hiyo baa ya mtaani kwetu nakunywa bia tatu na chenji inaniletea mishkaki. Ile nyeusi sijaielewa, kama kahawa iliyoungulia. Ila ile ya ngano, aisee, ile nawapa hongera, laini halafu ina kaharufu ka ndizi mbivu kwa mbali.

Na hiyo harufu ndo ilianzisha mambo. Sisi ni watu wa Kibosho kule Kilimanjaro, bibi alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, mpaka anazeeka, sasa baba mdogo kunusa tu ile glasi akamwita mhudumu, "Dada, hii mmeweka ndizi." Mhudumu anasema hapana mzee, hatujaweka. "Mmeweka." Hapana. Mwisho akaenda kumwita mpishi mwenyewe, kumbe ni binti mdogo tu, sidhani kama amefika thelathini, kavaa gambuti na aproni, akamwamkia vizuri, shikamoo mzee, akasema ndizi hamna ila chachu ya hiyo bia inapofanya kazi yake inatoa harufu kama ya ndizi, bia za ngano nyingi ziko hivyo. Baba mdogo hakuridhika, akataka kuona kunakopikiwa, na yule binti badala ya kutafuta visingizio akatuchukua mpaka nyuma ya kile kioo penye mapipa yale makubwa ya chuma.

Hapo nilisimama kama nusu saa nasikiliza watu wawili wanaongea lugha moja bila kujua. Binti anaeleza, kimea cha shayiri kinasagwa, kinalowekwa kwenye maji ya moto ya nyuzi sitini na kitu kama saa moja mpaka utamu utoke, yale maji yanachujwa yanachemshwa na hopsi ya kutia uchungu, yanapoozwa, inatiwa chachu, unasubiri wiki mbili tatu. Mzee naye anamjibu kwetu kimea ni cha ulezi, ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa ndo unachanganya na uji wa ule ulezi, na uchungu unatoka kwenye gome la msesewe. "Kwa hiyo hopsi ndo msesewe wenu," akamalizia, kama mwalimu anayefunga somo. Yule binti msesewe alikuwa hajawahi kuusikia, akatoa simu akaandika. Machicha yanayobaki wanakuja kuchukua wafugaji wa ng'ombe, na hilo nalo mzee akalipenda, maana kwetu machicha ya mbege hayatupwi.

Sasa bendi. Tangazo linasema saa kumi, we nenda saa kumi na moja na robo. Wako tisa: gitaa la solo, rithimu, besi, drams, tumba, tarumbeta, saksafoni na waimbaji wawili. Wa solo ni mzee wa makamo anapiga amekaa kwenye stuli, wa rithimu anaweza kuwa mjukuu wake. Wanapiga kopi za zilipendwa zaidi, na za kwao chache ambazo kusema kweli sio mbaya ila bado.

Kitu kinachonivuta pale ni kwamba hawakati nyimbo. Bendi nyingi za siku hizi kwenye mahoteli na maharusi wanakupa dakika nne wimbo umeisha, unaingia mwingine, kama wanaogopa utachoka. Hawa wimbo unaanza taratibu, unapewa kisa chote cha mtu na mke mwenziwe, unakaa kwenye kiti unatikisa kichwa tu, halafu waimbaji wanarudi nyuma, tumba inabadilika, solo inaanza kusema peke yake na hapo ndo chemko, watu wote wako katikati. Dakika kumi, kumi na mbili, hakuna anayeangalia saa.

Nilimuuliza mhudumu imekuwaje wanapiga kwa utulivu hivi, akaniambia hawa hawategemei kiingilio, baa inawalipa kwa mwezi na wana mwaka wa pili wako pale pale kila Jumapili. Baba mdogo akasema basi ndo maana. Yeye miaka ya themanini alikuwa karani bandarini, wikiendi zake zote ziliishia ukumbi wa DDC Kariakoo, damu yake ni bendi ya Sikinde. Na ukimuuliza atakueleza bila kuchoka kwamba zile bendi zilikuwa na mwajiri. Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz kwa sababu ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadilika jina na bendi inabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Sikinde ni Mlimani Park ya 1978, baadaye ikawa ya DDC, shirika la jiji. Mpiga gitaa alikuwa na mshahara na gitaa lenyewe la shirika, na mashabiki walikuwa na pa kwenda, unajua Jumapili bendi yako iko wapi kama unavyojua msikiti au kanisa lako liko wapi. Hii baa sijui kama walikusudia au ilitokea tu, lakini wamelirudisha hilo. Waimbaji wanawajua wateja kwa majina. Kuna mama mmoja wa meza ya mbele akiingia tu wanaukatiza mstari wanamtaja, anapanda anamtunza mwimbaji buku tano kwenye paji la uso, anarudi kukaa na soda yake.

Mapumziko yule mzee wa solo akaja mezani kwetu kumbe amemsikia baba mdogo anashangilia Sikinde. Yeye Msondo. Basi imekwisha, mimi na shoga yangu hatukupata nafasi ya kuongea tena, ni Msondo na Sikinde kama Simba na Yanga, nani alimfundisha nani, mwimbaji Gurumo ni wa nani (alitoka Msondo akaenda kuianzisha Sikinde, halafu miaka mingi baadaye akarudi Msondo, kwa hiyo kila mmoja anasema ni wake). Kipindi cha pili yule mzee akapiga ya Sikinde, akaipiga huku anamwangalia baba mdogo kwa dharau kabisa, na baba mdogo mwenye magoti mabovu akainuka.

Sauti pia niwasifie. Toka NEMC, wale wa baraza la mazingira, waanze kufungia mabaa kwa kelele nadhani wengine wameelewa, hapa spika zimegeuziwa ndani, saa nne usiku wamezima, na ukikaa meza za nyuma unaongea na mwenzio bila kumpigia kelele za sikioni.

Mambo mengine ya pale: Jumapili hiyo hiyo kuanzia saa sita mchana kuna kisoko, akina mama wanauza batiki, achari, asali ya Tabora, na meza hawalipishwi, niliuliza. Watoto wanaruhusiwa mpaka saa kumi na mbili jioni halafu wanatolewa kistaarabu. Januari kiingilio kilikuwa kauntabuku mbili kwa ajili ya shule ya msingi ya jirani, nikanunua pale pale nje kwa kijana aliyejiongeza kuja kuziuza kwa bei ya juu, sikumlaumu. Jumatano kuna chemsha bongo, nimeenda mara moja tu, maswali yote mpira wa Uingereza, tumekuwa wa pili kutoka mwisho, sirudi.

Nyota moja nimeikata wapi? Bili. Ile siku ya baba mdogo tuliandikiwa bia mbili ambazo hatukunywa, mhudumu anasema itakuwa mashine, mashine gani inakunywa bia, tukasubiri dakika arobaini meneja aje, akaja akazifuta bila hata pole. Kwa bei zile sitegemei nihesabu glasi zangu mwenyewe kama mtoto anayehesabu visoda. Halafu lipa namba ikagoma, shoga yangu akatoka kwenda kutafuta wakala wa kutoa kesh. Choo cha wanawake ni kimoja na pale Jumapili tunafika watu mia na ushee, umeme ukikatika (ulikatika mara mbili, jenereta inachukua kama dakika kumi) wote tunakumbuka choo kwa pamoja, we fikiria foleni. Na kitimoto chao kitamu sana, rosti imekolea, ila agiza unapoingia, kinakuja baada ya saa nzima. Ndizi za kuchoma achana nazo, kavu.

Ukitaka meza ya mbele fika saa tisa. Bajaji usipande za pale getini, tembea mpaka barabara kubwa utaokoa hela.

Mi Jumapili hii nitakuwepo, na safari hii nina mzigo. Baba mdogo alipofika nyumbani alipiga simu Kibosho usiku ule ule, na juzi gome la msesewe limefika na basi la Moshi, limefungwa kwenye gazeti na jina langu juu kwa kalamu nyekundu. Liko juu ya friji. Binti wa gambuti kama unasoma hapa, mzee kasema unachemsha kidogo kidogo, usilimwage lote.