Miaka na DX7: kwa nini bado sijanunua kinanda kipya

Kinanda ninachokizungumzia ni Yamaha DX7, toleo la kwanza kabisa, lile lililoingia sokoni mwaka 1983. Nilikinunua kikiwa kimetumika, miongoni mwa mali zinazoletwa kutoka Japani, na tangu wakati huo ndicho ninachokitumia katika chumba changu cha kurekodia hapa Chang'ombe, Dodoma, na kwenye kwaya siku za Jumapili. Wenzangu wamenishauri mara nyingi nikiuze, niongeze fedha kidogo na nichukue cha kisasa chenye midundo iliyokwisha kupangwa. Sijafanya hivyo, na sababu kubwa ni ilimba, ala ya Wagogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole.

Vinanda vipya nilivyovijaribu vina sauti ya ala za vidole iliyorekodiwa vizuri, ila ni safi kupita kiasi. Ilimba ya Wagogo, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia, haina usafi huo. Kwenye sanduku lake kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa ule mvumo wa kukwaruza unaofuatana na kila noti. DX7 haichezi sauti iliyorekodiwa. Huitengeneza sauti papo hapo kwa mawimbi sita ambayo huyumbishana, kwa njia aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, na mtumiaji ana mipangilio 32 ya kuyaunganisha mawimbi hayo. Uwiano wa kasi ya mtetemo kati ya wimbi na wimbi ukiwa si namba kamili, sauti hugeuka kuwa ya chuma kilichogongwa.

Basi nilikesha siku kadhaa. Wimbi la kuyumbisha nililiweka kwenye uwiano wa 3.50 na kulifanya lizimike haraka, kisha wimbi jingine nikalirudishia sauti yake lenyewe hadi kiwango cha juu, yaani 7, na hapo ndipo mkwaruzo ulipotokea. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba niliweza kuufunga mkwaruzo huo na nguvu ya kidole: ukibonyeza taratibu unasikia chuma kitupu, ukikaza mkono utando unaanza kuvuma.

Ilimba kamili haijapatikana, lazima nikiri. Wagogo hawapangi noti kama piano, na toleo hili haliruhusu kurekebisha noti mojamoja. Vilevile kinanda hutoa aina moja tu ya sauti kwa wakati, hakina mwangwi wake chenyewe, na kioo chake cha mistari miwili yenye herufi 16 kila mmoja hakina taa, kwa hiyo mazoezi ya jioni hunikuta nimeshika tochi ya simu kwa mkono mmoja. Vitufe ni bapa kama karatasi. Ukibonyeza hujui kama umebonyeza.

Anayetaka kununua aanze kwa kutazama maandishi ya nyuma, karibu na waya wa umeme. Changu kimeandikwa volti 100, jambo ambalo muuzaji hakulitaja, na laiti nisingeligundua kabla ya kuchomeka, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Nililazimika kununua transfoma ya kushusha umeme. Pili ni betri ya ndani ya volti 3 inayotunza sauti, ambayo imelehemiwa kwenye saketi. Yangu ilikufa na kuondoka na sauti zote, ilimba ikiwemo, asubuhi ya siku ya mazoezi. Fundi mmoja wa Majengo aliing'oa na kuweka kishikizo, kwa hiyo sasa naibadilisha mwenyewe, na sauti nimezihifadhi kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI. Vumbi la kiangazi chetu ni shauri la kitambaa tu: kifunike kila unapomaliza.

Jambo moja bado hunitia majaribuni. Kinanda hiki kina uzito wa kilo 14 hivi, na kwenye bajaji lazima nikilaze magotini huku ncha yake moja ikichungulia nje. Nikipata fedha nitanunua kidogo chepesi cha kwendea kanisani, na DX7 itabaki chumbani.