Tahadhari: Anayeuza Kigeuzi cha Mistari 405 ni Tapeli

Ninaandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na sitajaribu kuficha hata moja kati ya hizo mbili. Kigeuzi nilichokisubiri kwa wiki saba, yaani kifaa cha kugeuza picha ya televisheni ya mistari 625 iwe ya mistari 405 ili televisheni za zamani za Uingereza ziweze kuionyesha, kile nilichowaambia wengi wenu kwamba ndicho kitakachoifufua ile televisheni yangu ya sanduku la mbao, ni cha uongo, na aliyeniuzia alilijua hilo tangu siku ya kwanza tulipozungumza. Nawaomba msome hadi mwisho kabla ya kumtumia mtu huyo hata senti moja, kwa sababu bado anauza.

Nianze na jioni ile ya simu ya video, kwa kuwa ndiyo inayoniuma zaidi. Alipiga yeye mwenyewe, bila mimi kumwomba. Kwanza alielekeza simu kwenye meza ya mbao yenye alama nyeusi ya kuungua, nadhani kwa chuma cha kulehemu, kisha akaipandisha polepole hadi kwenye kisanduku cheusi, na hatimaye kwenye televisheni ya zamani yenye kioo kilichobinuka. Juu ya kioo hicho kulikuwa na kadi ya majaribio: duara katikati, na ndani yake yale makundi ya mistari myembamba ya wima ambayo, kwa mfumo wa 405, hutuonyesha kama picha inafikisha upana wake wote wa MHz 3, yaani kama inaonyesha hata vitu vidogo kabisa. Duara lilikuwa duara kamili. Picha ilitulia tuli, bila chenga hata moja. Mistari ya kundi la mwisho, ambayo mimi sijawahi kuiona ila ikiwa ukungu wa kijivu, ilihesabika mmoja mmoja. Akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, umewahi kuiona 405 ikiwa safi namna hii?" Nikamjibu ukweli, kwamba sijawahi. Akasema yupo mwingine anayekisubiri, lakini yeye angependa kiende kwa mtu anayejua thamani yake. Nilimtumia fedha zote kabla simu haijakatwa, yeye akisubiri kimya na kadi ile ikiwa bado mbele ya macho yangu.

Wapo watakaouliza imekuwaje mtu aliyehangaika na mawimbi ya analojia miaka yote hii akaamini kirahisi hivyo. Niliamini kwa sababu alizungumza kama mwenzetu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama seti yangu bado inapokea sauti kwa AM au iliwahi kubadilishwa, na hilo ni swali la mtu anayejua kwamba mfumo wa 405, ulioanza matangazo ya kawaida nchini Uingereza mwaka 1936 na kuzimwa Januari 1985, ulibeba sauti kwa AM wakati mifumo mingi iliyoufuata ilibeba kwa FM. Nilipoteleza nikasema kwamba mistari yote 405 huonekana kwenye kioo, alinisahihisha papo hapo kwamba inayobeba picha ni 377, na iliyobaki hupotea wakati mwale unaochora picha unaporudi juu. Baadaye akanitumia picha ya osiloskopu, kile kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme kwenye skrini, ikionyesha mstari mmoja wenye urefu wa maikrosekunde 98.8, kama inavyotakiwa. Mtu akikupa namba zote sawasawa, bila kuulizwa, unaacha kumchunguza.

Kifurushi kilipofika kilikuwa kizito, na uzito huo nao ulinituliza moyo. Niliwasha seti kupitia transfoma ya kutenganisha umeme, kama ninavyofanya siku zote kwa seti ambazo chasisi yake, yaani fremu ya chuma ya ndani, imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, nikaunganisha king'amuzi upande mmoja wa kisanduku na kebo ya antena upande wa pili. Kwanza zilikuja chenga. Nilipozungusha kifundo cha stesheni hadi njia ya nne na kurekebisha kidogo, zikatokea pande za picha zilizokatika kwa mshazari, zikikimbia kutoka kona hadi kona, weupe ukiwa mweusi na weusi ukiwa mweupe kama negativu ya filamu. Mapigo ya kusawazisha picha, ambayo yalipaswa kufichika kwenye weusi kuliko weusi wenyewe, yaling'aa kama michirizi ya mwanga. Sauti haikuwepo kabisa, ila mngurumo. Nilizungusha kifundo cha kushika mlalo, kile cha kuzuia mistari ya picha isikimbie, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa muda wa nusu saa, nikijilaumu na kuilaumu seti, nikafikia hata kubadilisha kapasita mbili ambazo hazikuwa na ubaya wowote.

Hapo ndipo nilipopima. Wimbi la picha lilikuwa kwenye MHz 61.25, ambayo ni njia ya tatu ya Marekani, na seti yangu ililinasa kwa sababu tu njia ya nne ya 405 iko karibu, kwenye MHz 61.75. Sauti ilikuwa MHz 4.5 juu ya picha, ilhali seti ya 405 huitafuta MHz 3.5 chini yake. Mistari ilikuwa ikitoka kwa kasi ya Hz 15,625, yaani ile ile ya mistari 625 iliyoingia kutoka kwenye king'amuzi, na hakuna kifundo cha seti ya Hz 10,125 kitakachoweza kuifuata. Hakuna kilichogeuzwa. Nilifungua kisanduku nikakuta moduleta ndogo, kifaa cha kupandisha picha kwenye wimbi la antena, ya aina iliyokuwa ikifungwa ndani ya deki za video, nyaya nne, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa silikoni ili kuongeza uzito. Kigeuzi halisi lazima kiwe na kumbukumbu ya kuhifadhi mistari, kwa sababu mistari 576 inayoonekana haiwezi kuwa 377 safi bila kila mstari mpya kukokotolewa kutokana na majirani zake. Ukiitupa tu iliyozidi, kila umbo la mshazari hugeuka ngazi. Humo ndani hapakuwa na chipu ya kumbukumbu hata moja.

Nilipomwandikia alisema seti yangu ni mbovu. Nilipomtumia picha ya kile kipande cha chuma, akanifungia mawasiliano.

Mtu huyu hastahili kuonewa huruma hata kidogo. Anastahili kurudisha kila alichochukua, kuondolewa kila mahali watu wanapouziana vifaa vya zamani, na kufikishwa mbele ya sheria kama mwizi mwingine yeyote, kwa sababu hakuniuzia kitu kibovu kwa bahati mbaya. Alikaa chini na gundi yake akapima ni chuma kiasi gani kitanidanganya. Wako wazee katika jambo letu hili ambao wamehifadhi seti moja tu kwa miongo, na wengine wangeweza kuiharibu wakitafuta kosa lisilokuwemo. Hilo ndilo linalonifanya nisiweze kunyamaza.

Dalili zilikuwepo. Bomba la picha likitazamwa kupitia kamera ya simu, mara nyingi huonyesha mkanda mweusi unaopanda au kushuka, kwa kuwa kamera haiendi sambamba na mwale. Lake halikuonyesha chochote, na sasa naamini kwamba nyuma ya kile kioo alipachika skrini bapa. Katika klipu aliyorekodi na kunitumia siku ya pili aliweka muziki juu kabisa, hivyo sikuweza kusikia kama ule mluzi wa Hz 10,125 upo. Nilimwomba aelekeze kamera ya video kwenye saa ya ukutani na kuipitisha picha yake kwenye kigeuzi badala ya kadi, akasema kamera hiyo amemwazima mtu. Fedha zilikwenda kwa jina lisilo lake. Alinihimiza niunganishe antena nirushe picha nyumba nzima na kwa majirani, akidai kwamba leseni haihitajiki kwa nguvu ndogo, jambo ambalo hakuna mwenzetu makini angelisema. Na ile picha ya osiloskopu ni ya mtu mwingine kabisa. Mwenye picha hiyo amenithibitishia, mkwaruzo kwenye kifundo cha osiloskopu yake ni ule ule.

Tangu juzi anatangaza kwa jina jipya kigeuzi cha mistari 819, ule mfumo wa zamani wa Ufaransa. Tazameni meza kwenye picha zake: ni ya mbao, na alama nyeusi ya kuungua iko upande wa kushoto. Yeyote aliyenunua kwake anitumie risiti na picha za ndani ya kisanduku chake, kwa sababu nimeanza kuandika malalamiko na nataka yaende yakiwa na majina zaidi ya langu.