Darasa la matamshi ya Kiingereza Vuga: somo zuri, kijitabu kibovu

Darasa la jioni la matamshi ya Kiingereza linalosomeshwa Vuga, mjini Zanzibar, baada ya sala ya Magharibi limewalenga waongoza watalii na wafanyakazi wa hoteli, na kwa maoni yangu linastahiki ada yake, kwani linashughulikia jambo ambalo skuli nyingi hulipita juu juu: kuligawa neno refu katika silabi na kujua mkazo wake unakaa wapi.

Mwalimu huanzia kwenye Kiswahili, ambacho mkazo wake kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana "conservation", neno lisilomtoka mdomoni mwongoza watalii wa msitu wa Jozani, halitupi tabu: con-ser-VA-tion, mkazo uko pale pale tulipouzoea. Tabu iko kwenye "architecture", ambalo anayetembeza wageni Mji Mkongwe hawezi kulikwepa. Lina silabi nne, AR-chi-tec-ture, na mkazo uko mwanzoni kabisa, ilhali wengi wetu huupeleka kwenye "tec". Somo lililonivutia zaidi ni la mkazo unaohama: PHO-to-graph, pho-TOG-ra-pher, pho-to-GRAPH-ic. Shina ni lile lile, lakini mwisho wa neno ukibadilika mkazo nao huhama, na irabu iliyoachwa bila mkazo hufifia. Hapo ndipo penye kazi kwetu, maana sisi kila irabu huipa haki yake. Mwalimu husisitiza silabi zihesabiwe kwa sikio, wala si kwa herufi: "comfortable" kwa macho lina silabi nne, lakini watu wengi hulitamka kwa tatu, na mwanafunzi mmoja alirudishwa ubaoni mpaka alipoiacha ile "or" ya katikati.

Kijitabu kinachogawiwa, kwa bahati mbaya, hakilingani na ufundishaji huo. Kimeyakata maneno kwa vistari bila kuonyesha mkazo, wakati kamusi nzuri huweka alama ndogo kabla ya silabi yenye mkazo. Tena hakitaji kwamba "laboratory" hubeba mkazo kwenye silabi ya pili Uingereza na kwenye ya kwanza Marekani, jambo ambalo mpokea wageni wa kutoka pande zote mbili anapaswa kulijua.

Anayeanza Kiingereza asiende bado. Mwenye msamiati wa kutosha aende, na achukue kamusi yake mwenyewe.