Makumbusho ya Arles: ukifika mjini, anzia mtoni

Watalii wengi wanaofika Arles, kusini mwa Ufaransa, huelekea moja kwa moja kwenye uwanja wa michezo wa Kirumi, uliojengwa mwishoni mwa karne ya 1 na kuchukua watazamaji wapatao 20,000. Uwanja huo unastahili sifa zake, lakini ushauri wangu ni kwamba mgeni atangulie kwenye jumba la Musée départemental Arles antique, jengo la pembetatu lenye kuta za buluu lililofunguliwa mwaka 1995 kando ya mto Rhône, kwani humo ndimo inamobainika mji huu ulitajirika kwa njia gani.

Ulitajirika kwa mto. Mwaka 49 kabla ya Kristo, Julius Caesar alipotaka kuizingira Marseille, Arles ilimuundia manowari 12 katika muda wa siku 30. Miaka mitatu baadaye aliufanya mji kuwa koloni la askari wake wastaafu, na bandari yake ikawa kiungo kati ya merikebu za baharini na vyombo vya mtoni.

Kimoja cha vyombo hivyo kimo jumbani, nacho peke yake kinatosha kumfanya mtu afunge safari: tishari la mita 31 liitwalo Arles-Rhône 3, lililozama katika karne ya 1 likiwa limesheheni mawe ya ujenzi. Tope lililolifukia liliizuia hewa, hivyo mbao hazikuoza. Liligunduliwa mwaka 2004, likaopolewa vipande vipande mwaka 2011, mbao zake zikatibiwa katika mji wa Grenoble, na tangu mwaka 2013 limewekwa mahali ambapo mgeni anaweza kulitazama kutoka omo hadi shetri. Tazama mataruma, yaani mbao zilizo kama mbavu za chombo, na misumari ya chuma, kisha mlingoti mfupi uliofungwa kamba ya kulivutia chombo dhidi ya mkondo, kazi ngumu iliyofanywa na watu waliotembea ukingoni. Kilichonigusa zaidi ni jiko la mabaharia: kipande cha mtungi mkubwa wa udongo, kilichogeuzwa kuwa mahali pa kuwashia moto wa kupikia.

Sanamu ya marumaru iliyopatikana mtoni mwaka 2007, inayodaiwa kuwa ya Caesar, huvuta watu wengi. Wataalamu hawajakubaliana kama kweli ni yeye, lakini mikunjo ya shingo na paji lile pana vimechongwa kwa ustadi unaostahili kutazamwa bila haraka. Wenye watoto wasiipite mifano midogo ya majengo ya kale, hasa ule wa daraja lililoelea juu ya mashua.

Jumba liko nje kidogo ya mji wa kale, mwendo wa kutembea kwa miguu. Ukirudi mjini, kabla ya uwanja wa michezo, ingia kwanza katika vyumba vya chini ya ardhi vilivyoubeba uwanja mkuu wa Kirumi, yaani forum, uwanja wa wazi wa mikutano ya umma. Mlango wake uko ndani ya jengo la manispaa.