TAHADHARI: Ukifika Praha, mji mkuu wa Czech, usibadilishe pesa na mtu wa barabarani

Ndugu zangu mlioko Ulaya, na nyinyi mnaopanga kuja kutembea, someni hii kabla hamjapanda treni. Jumamosi iliyopita mimi na Baba Zuhura tumeingizwa mjini mchana kweupe. Euro 200 zimekwenda na maji ya mvua.

Tulitoka Dresden, Ujerumani, asubuhi, safari ya kama saa mbili unusu. Mvua ilianza kabla hatujavuka mpaka, na haikukatika hadi usiku. Mwamvuli mmoja, watu wawili, na mmoja wetu ana mwili (simtaji). Tukavuka Daraja la Charles na sanamu zake 30 bila kupiga hata picha moja ya maana, tukaenda kusimama mbele ya ile saa maarufu ya mwaka 1410 ya Mji Mkongwe. Ikigonga, mitume wanapita kwenye vidirisha. Walipita haraka kweli, nadhani na wao walikuwa wanaikimbia mvua.

Njaa ikauma. Kwenye kibanda cha trdelník, ule mkate mtamu wanaouzungusha kwenye mti juu ya moto, binti akatuambia hapokei kadi, anataka koruna taslimu, pesa ya kwao. Kumbukeni Czech imo kwenye Umoja wa Ulaya tangu 2004, lakini euro hawajaichukua. Duka la kubadilishia fedha lilikuwa hatua chache tu. Bango kubwa: kamisheni 0%. Ukiinama kusoma ubao wenyewe, unakuta wanakupa koruna 17 kwa euro moja, na kiwango cha siku hiyo kilikuwa zaidi ya 24. Tukageuka, tukatoka tukijiona wajanja.

Mlangoni kasimama baba mmoja mtu mzima, nadhifu, ana mwamvuli mkubwa wa kutosha familia. Akatukaribisha chini yake na Kijerumani chake kizuri: "Humo ndani ni wezi, msithubutu." Yeye angetupa 25. Nikamwona kama Mungu katuletea. Akahesabu noti tano za 1,000 mbele ya macho yetu, Baba Zuhura akazipokea, akazitazama huku maji yanamchuruzika usoni, akazitia mfukoni zisilowe. Tulipoinua macho, mwamvuli ulikuwa umeshakata kona.

Binti wa kibandani alipoiona noti hakuigusa. Akasema neno moja: "Hungary."

Yaani tulipewa forint! Si noti bandia, ni pesa halali kabisa, ila ya nchi nyingine. Forint 1,000 haifiki hata euro 3, kwa hiyo zote tano ni kama euro 13. Wengine huwa wanapigwa vibaya zaidi: wanapewa rubli za zamani za Belarus, zile za kabla ya 2016 walipokata sufuri nne, ambazo hazinunui hata kiberiti.

Shikeni hili: noti ya Czech ya 1,000 ni ya zambarau, ina picha ya František Palacký mwenye ndevu, na imeandikwa "Česká národní banka". Ya Hungary ya 1,000 ni ya buluu, ina Mfalme Mátyás, na neno "forint" liko pale pale. Kusoma tunajua sote wawili. Hatukusoma.

Polisi walituandikia maelezo, basi. Kilichonichoma ni nilichokuja kujua baadaye. Tangu Aprili 2019, sheria ya kule inakuruhusu kurudi dukani ndani ya muda wa saa tatu na risiti yako, ukarudishiwa pesa zako, ilimradi hukubadilisha zaidi ya euro 1,000. Maana yake yule "mwizi" wa ndani tungemrudia tukazidai. Huyu wa mwamvuli risiti yake iko wapi?

Na ukimaliza kubadilisha barabarani akatokea mtu wa kiraia anadai ni polisi, anataka kukagua pochi yako, usimpe kitu. Piga 158.

Halafu, kusema kweli, ukiacha kile kibanda, hizo taslimu wala hatukuzihitaji. Hata kwenye tramu unagusisha kadi unapata tiketi. Ukilazimika, toa kwenye mashine ya benki, kiasi kidogo, na mashine ikikuuliza kama ikufanyie hesabu kwa euro, kataa, iache itoze koruna. Hicho kiwango chao nacho ni wizi wa kistaarabu.

Trdelník hatukuila. Forint zetu 5,000 zimekauka, ziko kabatini. Mwenye safari ya Budapest anitafute, nitamwachia kwa kiwango cha siku. Na risiti nitampa.